Leseni iko ofisini, wewe uko saiti: poti ya pili ndo inayokukwamisha

Haya maswali nayapata sana inboksi. Mtu yuko saiti mikoani au kajifungia nyumbani, anafungua MATLAB (programu ya hesabu na uhandisi) inamgomea, anampigia mtu wa IT, IT anasema "mbona poti 27000 nimeshafungua?" na wote wawili wako sahihi ila programu bado haifunguki (poti ni kama mlango wenye namba ambao programu inapitishia mawasiliano). Leo naongelea zile leseni za kuchangia, yaani kampuni inanunua leseni 5 watu 20 wanapokezana, na seva inayozigawa inatumia FlexNet (wengi bado tunaiita FlexLM).

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba pale kwenye seva kuna programu mbili, sio moja. Ya kwanza ni lmgrd, hii inasikiliza kwenye poti kati ya 27000 na 27009, kawaida 27000. Kazi yake ni kama dada wa mapokezi tu, anakuuliza unamtaka nani halafu anakwambia nenda chumba fulani. Mwenye leseni hasa ni dimoni ya muuzaji (dimoni ni programu inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia), kwa MATLAB inaitwa MLM, na yenyewe ina poti yake. Shida sasa, usipoipangia poti inajichagulia yoyote ile, na siku seva ikizimwa ikawashwa inaweza ikachagua nyingine kabisa, kwa hiyo unakuta fayawoli (mlinzi wa mtandao anayeruhusu au kuzuia poti) iliyokuwa inapitisha wiki jana leo imegoma na hakuna mtu aliyeigusa.

Dawa iko kwenye faili la leseni. Fungua na Notepad, utaona mistari inayofanana na hii:

SERVER leseni01 001122334455 27000
DAEMON MLM (njia ya faili hapa) port=27001

Hiyo port=27001 mwishoni mara nyingi haipo, iongeze mwenyewe. Usiogope, jina la seva (hapo ni leseni01) na poti unaweza kubadilisha bila kuharibu leseni, usichogusa ni ile namba ya mashine (hapo 001122334455) na zile saini ndefu za chini. Ukimaliza zima huduma yote uiwashe upya, lmreread (amri ya kusoma upya faili la leseni) peke yake haitoshi. Halafu fungulia poti zote mbili, TCP, kwenye fayawoli ya ofisi na pia ile ya Windows ya seva yenyewe, hii ya pili watu wanaisahau mno.

Kujua kama imekubali usitumie ping (amri ya kuulizia kama kompyuta ipo mtandaoni), ping inakudanganya, seva inaweza kujibu ping huku poti zimefungwa au ikakataa ping na leseni inatoka vizuri tu. Kwenye PowerShell ya mtu aliye nje andika Test-NetConnection leseni01 -Port 27001, kisha lmutil lmstat -a -c 27000@leseni01, hii inaonyesha hali ya seva na leseni zake. Na soma namba ya kosa jamani, msinitumie skrinishoti iliyokatwa! -15 au -96 mara nyingi maana yake hata seva hujaifikia, -97 umefika mapokezi ila dimoni imelala.

Kuna na mtego wa jina. Wewe unaweza kuwa umeandika IP (anwani ya namba ya seva), lakini lmgrd inakurudishia jina, na laptop yako huko nyumbani hilo jina leseni01 hailijui. Weka mstari mmoja kwenye faili la hosts (C:\Windows\System32\drivers\etc) wenye IP ya seva na jina lake, basi.

Sasa kuna wanaoniuliza si nifungue tu poti kwenye rauta ya ofisi nielekeze kwenye seva, yaishe? Hapana. Hii mifumo ilitengenezwa kwa ajili ya mtandao wa ndani, jina la mtumiaji inalotumia kuruhusu watu ni lile ambalo kompyuta ya mteja imejitajia yenyewe, yaani yeyote anaweza kujiita injinia mkuu. Tumia VPN (njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa ofisi ukiwa nje), mimi napenda WireGuard, poti moja tu ya UDP, na kwenye AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopita kwenye VPN) naweka mtandao wa VPN na IP ya seva ya leseni peke yake ili bando la mtu lisiende kupitisha YouTube ofisini. Kama VPN haipo ila kuna SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), toboa taneli mbili, yaani njia za kupitishia poti hizo ndani ya SSH, -L 27000:leseni01:27000 na -L 27001:leseni01:27001, na kwenye hosts leseni01 iwe 127.0.0.1. Kabla ya yote soma mkataba wako, wauzaji wengine hawaruhusu leseni kutumika nje ya jengo au nje ya nchi.

Mtandao ukiwa mzito, hasa wa setilaiti, ongeza FLEXLM_TIMEOUT (muda ambao programu inasubiri seva ijibu), inahesabiwa kwa maikrosekunde, kwa hiyo 3000000 ni sekunde 3. Na kama saiti mtandao ni wa kubahatisha achana na yote haya, muulize muuzaji kama anaruhusu kuazima leseni, unaichukua ukiwa bado ofisini unaondoka nayo kwenye laptop, ila waambie wenzako, maana hadi uirudishe au muda wake uishe kwao inahesabika imetumika.