Yangeyange hamfuati ng'ombe kwa ajili ya kupe

Wengi wetu, tunapomwona yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea miguuni pa ng'ombe malishoni, huamini kwamba kazi yake ni kumsafisha mnyama kupe. Dhana hiyo imeenea sana, lakini si sahihi. Chakula chake kikuu ni panzi na wadudu wengine wa nyasini, ambao hujificha wakatulia tuli mpaka kwato za ng'ombe zinapowashtua, nao wanaporuka ndipo anapowadaka. Ndege anayewinda kando ya ng'ombe hupata windo kwa hatua chache kuliko anayewinda peke yake, na ndiyo sababu, ng'ombe wanapolala kucheua, mara nyingi huwaacha na kuwaendea wanaotembea. Hata trekta linalolima hulifuata vivyo hivyo, ingawa trekta halina kupe hata mmoja!

Ni kweli kwamba mara mojamoja hudonoa kupe au nzi mwilini mwa ng'ombe, ila hicho ni kiasi kidogo mno cha mlo wake. Anayekula kupe hasa ni shashi, ndege mwingine kabisa, mwenye rangi ya kahawia, ambaye hung'ang'ania ngozi ya mnyama kwa kucha zake kali; naye pia hunywa damu kwenye vidonda na kuvichelewesha kupona.

Kwa hiyo mfugaji anayeacha kuogesha mifugo yake kwa kuwategemea yangeyange anaiweka katika hatari ya ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe.