Je, wajua kwa nini gemu fupi ya kuruka-ruka yaweza kukugusa moyo bila kukuhubiria?

Juzi tuko foleni ya feri hapo Likoni, kijana wa dadangu, miaka 12, kanichukua simu acheze gemu ya Celeste, ile ndogo ya kwenye brauza, msichana apanda mlima skrini moja moja, ukianguka waanza tena papo hapo. Kaanguka pahali pamoja weee, mwisho akaniangalia, "mjomba, hapa nilikuwa nishachelewa kuruka lakini imeniwachilia."

Na ni kweli ilimwachilia. Mguu ukishatoka kwenye ukingo gemu yakupa kamuda kidogo, kwenye Celeste kubwa iliyotoka 2018 ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukibonyeza ndani ya hapo waruka tu kama bado umesimama. Na ukibonyeza mapema kabla hujagusa chini, pia yakumbuka. Haya wachezaji wengi hawayaoni kabisa, lakini ndiyo yanayobeba ujumbe, manake hadithi yenyewe ni ya msichana mwenye wasiwasi mwingi anayejiona hawezi, sasa kama vidole vyako vinaonewa kila saa utaikasirikia gemu uizime, hutafika huko juu kwenye maana. Ukianguka ukajua kosa ni lako, warudi. Ile ndogo iliyotangulia, Maddy Thorson na Noel Berry waliitengeneza kwa siku 4 tu, na hii huruma imo tayari.

Kwetu hapa Mombasa, mji wa mshairi Muyaka, hili si geni. Mtu akija barazani na shairi lenye maneno mazito lakini mizani 16 zamshinda, hapa 15 hapa 18, hakuna atakayekaa kusikiza huo uzito.

Alafu kuna jambo la pili, na mimi naona ndilo kubwa zaidi: ujumbe uwe kwenye kitufe chenyewe. Katika ile Celeste kubwa yule msichana afukuzwa na nafsi yake nyingine, wakimbia wakimbia, mpaka wanapopatana, na hapo ghafla waweza kujirusha hewani mara 2 badala ya 1. Maneno yapo, wanaongea sana tu, lakini kidole ndicho kinachoamini kwanza.

Gemu nyingine, Passage ya Jason Rohrer, 2007, haina hata kuruka, ni kutembea tu dakika 5 na maisha yameisha. Ukikutana na mwenzako ukimchukua, vichochoro vyembamba hampiti tena, lakini kila hatua ya mbele mwapata pointi mara 2. Karibu na mwisho mwenzako afa, na wewe waanza kwenda polepole, ile kasi uliyoizoea haipo tena na hakuna aliyekuambia kwa nini. Jumba la sanaa la MoMA kule New York liliichukua kwenye mkusanyiko wake 2012. Mimi naamini ingekuwa ya saa 3 ingechosha, dakika 5 mtu avumilia hata kama kuna machache ya kufanya.

Kuna kijana Kisauni alinionyesha gemu yake kuhusu mihadarati, ya kuruka mapaa, imechorwa vizuri sana, lakini kila levo yaanza na aya 3 za mawaidha. Tukawapa watoto wa mtaani wacheze, kila mmoja abonyeza bonyeza zipite hata hasomi. Nikamwambia toa maneno yote, weka tembe njiani, akiokota moja aruke juu kupita kawaida, ikiisha aruke chini kidogo kuliko alivyoanza, na akiokota nyingine vivyo hivyo. Wiki iliyofuata tukawapa wale wale. Mmoja alipofika levo ya 4 alikuwa hafiki tena paa ambalo mwanzo alilipita bila shida, akawa abonyeza kitufe kwa nguvu, kisha akauliza, "mbona saa hii haruki bila zile?"