Kozi ya takwimu ya kujisomea kazini: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukiwa na slaidi za semina, kozi unayo tayari.

Slaidi ziliandikwa kumsaidia mtu aliyesimama mbele akizungumza. Kule semina ya hotelini mwezeshaji huona mtu akikunja uso, akarudi nyuma na kueleza tena. Mfanyakazi anayejisomea ofisini Upper Hill, Nairobi, saa saba mchana, sahani ya chakula kando ya kibodi, hana wa kumwona akikunja uso. Kila kilichosemwa kwa mdomo lazima kiandikwe upya. Ukisikia mtu amegeuza semina ya siku tatu kuwa kozi kwa wikendi moja, jua amebadilisha faili tu.

Dhana: Maswali ni ya kupima, na mahali pake ni mwisho.

Hapa ndipo kozi nyingi huharibikia. Kwa anayejisomea, swali la kuchagua jibu ndilo mwalimu, na majibu yasiyo sahihi yana kazi kubwa kuliko lile sahihi.

Chukua mfano huu. Wateja wanaolipa kwa wakati walikuwa asilimia 40, sasa ni asilimia 50. Sehemu yao imeongezeka kwa asilimia ngapi? Wengi watajibu asilimia 10. Ukiwaandikia "si sahihi, jaribu tena", watabonyeza jibu jingine kwa kubahatisha. Waambie hivi: "Umetoa 40 kwenye 50, ukapata pointi 10. Sasa zigawanye kwa 40 ulipoanzia." Watapata asilimia 25, na watajua walipopotea. Kwa hiyo kila jibu la uongo litokane na kosa ambalo watu hulifanya kweli. Ukitunga majibu ya ovyo ili kujaza nafasi nne, hayamfundishi mtu. Makosa hayo hayapatikani vitabuni. Kaa na wahasibu na watu wa mauzo, uwatazame wakipiga hesabu. Kuandika swali moja la namna hii kunaweza kula asubuhi nzima, na bosi hatakuelewa.

Dhana: Lazima uanze na fomula.

Kukokotoa ni kazi ya Excel. Anayehitajika ni mtu wa kuitilia shaka namba. Sensa ya 2019 ilionyesha kaya ya Kenya ina wastani wa watu 3.9, na hakuna nyumba yenye watu 3.9. Au ofisi ya watu kumi: tisa wanalipwa shilingi 30,000, mkurugenzi 480,000. Wastani ni 75,000, mshahara ambao hakuna hata mmoja anaoupokea. Ukiwapanga na kutazama katikati, unakuta 30,000. Mtu akishashangaa hapo, fomula ataitafuta mwenyewe.

Dhana: Data halisi ya ofisi ndiyo mfano bora.

Inavutia, kweli. Lakini Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kufuta majina hakutoshi: katika idara ya watu sita, cheo na umri vinatosha kumtambua mtu. Tunga data inayofanana na ya kazini, pamoja na uchafu wake: tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu, seli tupu, sifuri zisizoeleweka.

Dhana: Bila video ndefu, kozi ni ya kizamani.

Bando linaisha, mtandao unakatika. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni ambayo haina ada ya leseni, inamruhusu mtu kupakua masomo kwenye simu akiwa ofisini na kuyasoma ndani ya matatu ya Rongai. Maandishi mafupi na jedwali moja vitapita pale video itakapokwama.

Dhana: Aliyefikisha asilimia 100 ameelewa.

Amebonyeza mpaka ukurasa wa mwisho. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, baada ya kujijaribu mwenyewe, alionyesha jinsi tunachokariri kinavyotutoka upesi tusipokirudia. Basi usiishie kwenye cheti. Baada ya mwezi mmoja, mtumie jedwali asilowahi kuliona na swali moja: je, ungemshauri mkurugenzi aamini namba hii? Akikujibu kwa kukuuliza namba hiyo ilikusanywa vipi, mpe moduli ya pili.