Dischord Records: lebo ya mji mmoja

Lebo nyingi huru za panki, yaani kampuni ndogo za kutoa santuri za muziki wa roki wa kasi na ghasia, zilizaliwa nchini Marekani kwa namna moja: vijana wachache wana bendi, hakuna kampuni inayowataka, nao wanaamua kutoa santuri yao wenyewe. Tofauti kati yao hujitokeza baadaye, pale santuri hiyo inapoanza kununuliwa. Katika utafiti wangu wa lebo hizi huangalia zaidi fedha na makubaliano kuliko yaliyotokea jukwaani, na kwa mtazamo huo sijaona historia yenye mafunzo mengi kama ya Dischord Records ya Washington, D.C., kwa sababu karibu kila uamuzi wake mkubwa ulikuwa uamuzi wa kujiwekea mpaka.

Mwishoni mwa mwaka 1980 bendi ya Teen Idles ilivunjika baada ya kuishi kwa takriban mwaka mmoja. Wanachama wake, akiwemo mpiga besi Ian MacKaye, mpiga ngoma Jeff Nelson na mwimbaji Nathan Strejcek, walikuwa bado hawajagawana malipo ya maonyesho yao, ambayo yote yalikuwa yamewekwa pamoja na kufikia kiasi cha dola 600. Wangeweza kugawana na kila mmoja akashika njia yake. Badala yake waliamua kuzitumia kuchapa santuri ya bendi ambayo haikuwepo tena, na hapo ndipo Dischord ilipozaliwa. Aliyewaonyesha njia alikuwa Skip Groff, mwenye duka la santuri la Yesterday and Today huko Rockville, Maryland, ambaye tayari alikuwa na lebo yake ndogo na alijua kiwanda gani huchapa na kwa masharti gani. Nyimbo zilikuwa zimerekodiwa katika studio ya Inner Ear, ambayo wakati huo Don Zientara aliiendesha nyumbani kwake Arlington, Virginia. Santuri hiyo ya inchi 7, Minor Disturbance, ilikuwa na nyimbo 8 na ilianza kwa nakala 1,000. Majalada yake waliyakata, wakayakunja na kuyabandika gundi wao wenyewe.

Picha ya jalada hilo inaonyesha mikono iliyopishanishwa, yenye alama kubwa ya X nyuma ya viganja, na alama hiyo ina historia yake. Katika safari ya Teen Idles huko California mwaka 1980, ukumbi wa Mabuhay Gardens wa San Francisco uliwaruhusu kuingia ingawa hawakuwa wametimiza umri wa kunywa pombe, mradi tu wachorwe X mikononi ili wahudumu wa baa wawatambue. Waliporudi Washington walipendekeza utaratibu huo kwa kumbi za kwao, na vijana waliokuwa wakizuiwa mlangoni wakapata nafasi ya kusikiliza muziki uliopigwa na watu wa rika lao. Ninalitaja jambo hili kwa sababu wengi huikumbuka X kama nembo ya kujiepusha na pombe na dawa za kulevya, maana iliyoenea baada ya wimbo Straight Edge wa Minor Threat, bendi iliyofuata ya MacKaye, ilhali chanzo chake kilikuwa hoja ya kiutendaji kuhusu nani aruhusiwe kuingia ukumbini.

Mpango wa waanzilishi ulikuwa mwepesi: fedha zikirudi, zitoe santuri ya bendi nyingine ya marafiki. Zilirudi. Mwaka 1981 zilifuata santuri za bendi nyingine: S.O.A., iliyoimbwa na Henry Garfield ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Henry Rollins, kisha Government Issue, Youth Brigade ya Strejcek, na Minor Threat, ambamo MacKaye aliimba na Nelson akapiga ngoma. Mwaka 1982 ukatoka mkusanyiko wa Flex Your Head wenye bendi nyingi za mji huo. Hapo ndipo mpaka wa kwanza unapoonekana wazi: Dischord ingetoa kazi za bendi za Washington na viunga vyake tu, na nyingi kati ya hizo za watu waliofahamiana. Kwa macho ya mfanyabiashara huu ni upotevu, maana soko la panki lilikuwa la nchi nzima na lebo ingeweza kuchagua bendi kutoka popote. Kwa macho yangu ndiyo sababu ya lebo kudumu, kwani haikuwahi kushindania bendi na mtu yeyote, na haikulazimika kulipa gharama za kuzitangaza bendi katika miji ambayo haikuijua.

Hata hivyo, lebo ilikaribia kukwama mwaka 1983, wakati Minor Threat ilipotoa Out of Step na wanunuzi wakawa wengi kuliko nakala zilizokuwepo. Asiyeijua biashara hii hudhani kwamba santuri inayouzika haiwezi kuleta hasara, lakini kiwanda hudai malipo kabla ya kuchapa au mara baada ya hapo, ilhali msambazaji huchukua mzigo leo na kulipa baada ya miezi kadhaa, na wakati mwingine halipi kabisa. Kila toleo jipya linapohitajika, lebo hutakiwa kutoa fedha ambazo bado zimeshikwa na wengine, na kadiri mahitaji yanavyokua ndivyo pengo hilo linavyopanuka. Lebo ndogo nyingi zimekufa kwa njia hii zikiwa na santuri inayotafutwa na kila mtu. Dischord iliokolewa na John Loder wa studio na kampuni ya Southern ya London, aliyekubali kugharimia uchapaji na kushughulikia usambazaji kwa kujilipa kutokana na mauzo. Ndiyo maana santuri nyingi za Dischord za katikati ya miaka ya 1980 zina maneno yanayoonyesha kuwa zilitengenezwa Ufaransa, jambo linaloweza kumshangaza mkusanyaji anayeifahamu lebo hii kama mali ya Washington.

Kimuziki, mwaka 1985 ulileta mageuzi ambayo bado naona hayajapewa uzito unaostahili. Vijana wa mji huo walikuwa wamechoshwa na ugomvi uliotawala maonyesho, na bendi mpya kama Rites of Spring na Embrace zikaacha kukimbilia kasi peke yake, zikaingiza melodia na maneno ya hisia binafsi. Kutoka bendi hizo mbili alipatikana Guy Picciotto kwa upande mmoja na MacKaye kwa upande mwingine, ambao pamoja na Joe Lally na Brendan Canty waliunda Fugazi.

Fugazi, iliyofanya onyesho lake la kwanza mwaka 1987, iliuza kuliko bendi zote za Dischord, na ndiyo iliyoijaribu misimamo ya lebo kwa dhati. Bendi ilisisitiza viingilio vya karibu dola 5 na maonyesho yaliyo wazi kwa watu wa umri wote. Lebo nayo ilichapa bei ya kuagiza kwa posta kwenye santuri yenyewe, ili muuza duka asiweze kuipandisha bila mnunuzi kujua. Baada ya mwaka 1991, mafanikio ya bendi ya Nirvana yalizifanya kampuni kubwa ziwinde bendi za roki mbadala kila pembe, na Jawbox na Shudder to Think ziliondoka Dischord kwenda Atlantic na Epic. Fugazi ilibaki, na albamu yake In on the Kill Taker ya mwaka 1993 iliingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu zinazoongoza Marekani, bila msaada wa kampuni kubwa.

Kuondoka kwa bendi hizo hakukuwa na kesi, maana Dischord haikuwa na mikataba ya maandishi ya kuzifunga. Siwezi kusema kwamba utaratibu huo ni salama kwa kila lebo. Touch and Go ya Chicago, iliyofanya kazi kwa makubaliano ya mdomo na kugawana faida nusu kwa nusu, ilishtakiwa na bendi yake ya Butthole Surfers, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba makubaliano yasiyo na muda maalumu yanaweza kusitishwa na upande wowote. Nadhani Dischord ilikuwa na kinga moja ambayo Touch and Go haikuwa nayo kwa kiwango hicho: wamiliki wake, MacKaye na Nelson, walikuwa wenyewe ndani ya bendi zilizouza zaidi, kwa hiyo mgongano kati ya mwenye lebo na mwanamuziki ulipungua tangu mwanzo.

Fugazi ilisimamisha shughuli zake mwaka 2003. Miaka minane baadaye Dischord ilianza kuweka mtandaoni rekodi za maonyesho ya bendi hiyo, zaidi ya 800, zikiwemo zile zenye sauti hafifu, bila kuchuja zilizo bora.