Je, wajua kwa nini entropi ya shimo jeusi hupimwa kwa uso wake, si kwa ujazo wake?

Lichukue Jua letu. Kwa hesabu za wanafizikia, entropi yake ni kama 10⁵⁸, yaani 1 ikifuatiwa na sifuri 58. Sasa tuseme Jua hilohilo limebanwa hadi likawa shimo jeusi, kitu ambacho uvutano wake hauachii hata mwanga utoke, lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 hivi. Hakuna kilichoongezwa, hata chembe moja, lakini entropi imeruka hadi 10⁷⁷. Imezidi ile ya mwanzo mara bilioni kumi za mabilioni. (Jua lenyewe halitaishia hivyo, masi yake haitoshi. Hapa tunalitumia kwa hesabu tu.)

Ziada hiyo imetoka wapi? Na kwa nini ukitaka kuipata unapima eneo la uso wa shimo, wala ujazo wake hauna kazi?

Kabla ya jibu kuna dhana moja ya kung'oa, maana ikibaki, mengine yote hayataeleweka. Wengi wamekariri kwamba entropi ni kipimo cha fujo. Kwa kipimo hicho, shimo jeusi lingepaswa kuwa na entropi sifuri. Nadharia ya uhusianifu ya jumla, ambayo Einstein aliikamilisha mwaka 1915, inasema shimo jeusi lililokwisha kutulia lina sifa tatu tu: masi, kujizungusha kwake, na chaji ya umeme. Mashimo mawili yakilingana kwa hayo matatu, hakuna njia ya kuyatofautisha ukiwa nje, hata kama moja lilitokana na nyota na jingine na mwanga mtupu. John Wheeler wa Chuo Kikuu cha Princeton alizoea kusema kwamba shimo jeusi halina nywele. Hakuna kitu rahisi kukieleza kuliko hicho angani kote. Fujo iko wapi?

Haipo, na haihitajiki. Entropi haihesabu fujo. Inahesabu ni mipangilio mingapi ya ndani inayoweza kuleta sura ileile ya nje.

Tuweke bao katikati. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wewe uko mbali na baraza, ubao huuoni, na unachojua ni kwamba kete zote 64 zimeshashuka. Zimekaaje? Pengine kila shimo lina mbili mbili. Pengine upande mmoja umebaki na kete chache na mwenyewe anakaribia kufungwa. Pengine kumi na tisa zimelundikana katika shimo moja na mengine kadhaa yako matupu. Ukihesabu njia zote za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 unapata takribani 10²⁵. Ukiruhusiwa kumuuliza mtu aliye barazani maswali ya ndiyo au hapana tu, na ukayapanga vizuri, utahitaji kama 83 ili ujue kila kete ilipo. Idadi hiyo ya maswali ndiyo entropi ya bao kwako wewe uliye mbali. Kwa anayeutazama ubao, entropi ni sifuri. Ubao ni uleule, kete ni zilezile, hakuna aliyevuruga chochote.

Hii ndiyo maana aliyoijenga Ludwig Boltzmann katika karne ya 19, na kaburi lake huko Vienna limechongwa mlinganyo wake: entropi ni logi ya idadi ya mipangilio, na logi ndiyo inayoigeuza idadi hiyo kuwa idadi ya maswali. Ukiishika maana hii, sura rahisi ya shimo jeusi haipingani tena na entropi kubwa. Kadiri sura ya nje inavyosema machache, ndivyo yaliyofichika yanavyoweza kuwa mengi. Upeo wa matukio, yaani ule mpaka ambao kikishauvuka kitu hakirudi, ulipolifunga lile Jua letu la hesabu, aliye nje alipoteza hata taarifa kwamba lilikuwa Jua.

Linabaki suala la uso. Jaza mabao chumbani, rundo juu ya rundo mpaka darini. Chumba chenye ujazo maradufu kitaingiza mabao maradufu, na maswali ya kuuliza yataongezeka maradufu. Gesi ndani ya mtungi iko hivyo, na maji vilevile: entropi hufuata ujazo. Shimo jeusi halifuati. Kwa hesabu yake, ni kana kwamba mabao yote yamebandikwa ukutani, na katikati ya chumba hakuna hata kete moja ya ziada.

Aliyelisema hili kwanza ni Jacob Bekenstein, mwanafunzi wa udaktari chini ya Wheeler, mwaka 1972. Kilichomsumbua ni kanuni ya pili ya themodinamiki (fizikia ya joto), inayosema entropi ya jumla haipungui. Tupa gesi ya moto ndani ya shimo jeusi: kwa walio nje, entropi ya gesi imetoweka. Kama shimo lenyewe halina entropi, kanuni imevunjwa kwa tendo la kutupa tu. Mwaka mmoja kabla, Stephen Hawking alikuwa amethibitisha kwamba, kwa nadharia ya uhusianifu peke yake, eneo la upeo wa matukio haliwezi kupungua. Bekenstein akaviweka pamoja hivi viwili visivyopungua, akasema ni kitu kimoja.

Hoja inayoonyesha kwa nini ni uso, kwa maoni yangu, ni kati ya zilizo nzuri kuliko zote katika fizikia, na inafuatika hata bila milinganyo. Tulitupie shimo taarifa ndogo kuliko zote, jibu la swali moja la ndiyo au hapana. Chembe moja ya mwanga inatosha: imeingia, au haikuingia. Lakini isibebe taarifa nyingine yoyote, hata ya upande ilikoingilia, na kwa hiyo urefu wa wimbi lake lazima ukaribie upana wa shimo lenyewe. Shimo likiwa kubwa, wimbi litakuwa refu na nishati yake ndogo. Likiwa dogo, wimbi litakuwa fupi na nishati yake kubwa. Nishati hiyo inaongeza masi ya shimo, masi inarefusha nusu kipenyo, na nusu kipenyo kinapanua uso. Shimo kubwa, basi, limerefuka kidogo mno, ila duara lake ni pana na urefu huo mdogo unaenea kote. Shimo dogo limerefuka zaidi, ila halina upana wa kuueneza. Ukizidisha, ukubwa wa shimo unajifuta wenyewe katika hesabu. Kwa shimo lolote lile, swali moja linaongeza uso kwa kadiri ileile, karibu na 10⁻⁷⁰ ya mita ya mraba.

Kipande hicho kidogo huitwa eneo la Planck. Kinajengwa na namba tatu za maumbile peke yake: kasi ya mwanga, ambayo ni moyo wa uhusianifu, namba thabiti ya uvutano ya Newton, na namba thabiti ya Planck, inayotawala kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama chembe za mwanga. Themodinamiki, uvutano na kwanta vinakutana katika mlinganyo mmoja mfupi, na sijui pengine ambapo vinakutana kwa ufupi namna hiyo.

Hoja ya chembe ya mwanga inatoa uwiano tu, haitoi namba kamili. Namba ilikuja kwa mabishano. Mwaka 1973 James Bardeen, Brandon Carter na Hawking waliandika kanuni nne za mashimo meusi zinazofanana mno na zile za themodinamiki, kisha wakasisitiza kwamba ni mfanano tu. Walikuwa na sababu nzito: chenye entropi kina halijoto, chenye halijoto hutoa mnururisho (nishati inayosambaa, kama joto au mwanga), na shimo jeusi halitoi kitu. Hawking alieleza baadaye kwamba Bekenstein alikuwa amemuudhi. Mwaka 1974 aliingiza kwanta katika hesabu zake, akakuta shimo jeusi linatoa mnururisho kweli, tena kwa halijoto ileile iliyohitajika ili Bekenstein awe sahihi. Entropi ikatoka robo kamili ya uso, ukiupima kwa maeneo ya Planck.

Jaribu mwenyewe kwa shimo lenye masi ya Jua. Uso wake ni kilomita za mraba 109 hivi, yaani mita za mraba 1.09 × 10⁸. Gawa kwa eneo la Planck, 2.6 × 10⁻⁷⁰, kisha gawa kwa nne. Unarudi kwenye 10⁷⁷.

Na kwa kuwa uso hukua kwa mraba wa masi, mashimo makubwa yanatisha. Usiku wa Julai, penye giza la kutosha, mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi huona kitovu cha Njia Nyeupe kikipita juu sana, upande wa kundinyota la Mshale. Hapo pana Sagittarius A*, shimo jeusi lenye masi zaidi ya milioni 4 za Jua, ambalo picha yake ilitangazwa Mei 2022. Entropi yake ni kama 2 × 10⁹⁰. Mnururisho wote uliobaki tangu ujana wa ulimwengu, katika anga yote inayoonekana, una kama 10⁹⁰. Shimo moja la galaksi moja limeuzidi.

Mwaka 1993 mwanafizikia Gerard 't Hooft alichukua hatua ambayo Leonard Susskind aliiendeleza. Ukizidi kushindilia vitu mahali pamoja, mwishowe patakuwa shimo jeusi, na ukiongeza zaidi shimo litapanuka hadi lipite mipaka ya mahali hapo. Kwa hiyo hakuna mahali popote panapoweza kubeba taarifa nyingi kuliko uso unaopazunguka unavyoruhusu. Mwaka 1997 Juan Maldacena alitoa mfano kamili wa jambo hili, japo ni katika ulimwengu wa kinadharia ambao mjengo wake si huu wetu. Ted Jacobson, mwaka 1995, aliigeuza njia: alianza na dhana kwamba entropi hufuata eneo, akatumia kanuni za joto, na akaibuka na milinganyo ya Einstein yenyewe.

Lakini kete ni zipi? Bekenstein na Hawking walijua maswali ni mangapi bila kujua yanaulizia nini. Hapo ndipo nadharia ya nyuzi ilipopata ushindi wake mkubwa, Januari 1996, kwa mikono ya Andrew Strominger na Cumrun Vafa. Nadharia hiyo, inayosema chembe za msingi ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, ina pia vitu viitwavyo breni, namna ya tando ambazo ncha za nyuzi hunasa juu yake. Wawili hao waliwaza breni zilizorundikwa pamoja wakati uvutano umelegezwa kiasi kwamba hakuna shimo jeusi, na mipangilio yake inahesabika kwa hesabu za kawaida. Kisha wakafikiria uvutano ukikazwa polepole mpaka rundo lile likafungwa na upeo wa matukio. Ulinganifu maalumu wa mfumo unahakikisha idadi ya mipangilio haibadiliki njiani. Wakapima uso wa shimo lililotokea, wakalinganisha na idadi waliyohesabu, na ikatoka robo ileile, bila kurekebisha namba yoyote.

Ushindi huo una mipaka yake. Shimo lao lilikuwa katika nafasi-wakati ya vipimo vitano (yetu ina vinne), lenye chaji za juu kabisa kwa masi yake, na halijoto sifuri. Watafiti wamekwenda mbali zaidi tangu hapo, lakini shimo la kawaida kama Sagittarius A* bado halijahesabiwa kwa ukamilifu ule. Kuna njia nyingine, ya kwanta ya vitanzi, inayopata uwiano uleule wa uso, ila ina namba moja ya kuchagua ili robo itimie. Na nadharia ya nyuzi yenyewe haijathibitishwa kwa jaribio lolote.

Kinachoweza kupimwa leo ni eneo. Tarehe 14 Septemba 2015 vifaa vya LIGO nchini Marekani vilinasa mawimbi ya uvutano kutoka kwa mashimo mawili yaliyoungana, la masi 36 na la masi 29 za Jua, yakaacha moja la 62. Masi imepungua kwa 3. Sasa tazama nyuso, kwa kutumia miraba ya masi: 36 × 36 na 29 × 29, jumla 2,137. Na 62 × 62 ni 3,844. Hata ukipunguza asilimia 13 hivi kwa sababu shimo jipya linajizungusha kwa kasi, uso umekua sana. Tukio jingine, la 14 Januari 2025, lilisikika waziwazi zaidi: nyuso mbili zenye jumla ya kilomita za mraba 240,000 hivi ziliacha uso mmoja wa karibu 400,000.

Mnururisho wa Hawking ni habari nyingine. Shimo lenye masi ya Jua lina halijoto ya 6 × 10⁻⁸ tu za kelvini, na anga linalolizunguka lina 2.7, hivyo linapokea kuliko linavyotoa. Tumaini liko kwa mashimo madogo yanayodhaniwa kuzaliwa mwanzoni mwa ulimwengu. Yale yenye masi ya kadiri ya tani bilioni moja yangekuwa yanamalizika zama hizi kwa mlipuko wa miale ya gama. Darubini za miale hiyo zimeyatafuta, na hadi sasa hakuna mlipuko wa aina hiyo uliothibitishwa.