Falernum, divai ya kahawia ambayo Warumi waliitolea macho

Kuna mwaka tanki letu moja lilibaki halijajaa, huko juu hewa tupu, na hakuna aliyeshtuka mpaka siku tunafungua tunakuta divai nyeupe imekuwa kama chai ya rangi, inanukia karanga za kukaanga na epo lililolala. Amri ikatoka: mwaga. Mimi ndo fundi wa divai pale kwa hiyo nikamwaga, ila kabla ya hapo nilionja glasi nzima nikawaza, Mrumi angeilipia hii hela ndefu.

Maana divai iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote kwao, Falernum, ilikuwa ya mtindo huo huo. Ilitoka kwenye miteremko ya mlima Massico, kusini mwa Roma, pale mkoa wa Latium unapopakana na wa Campania, na wenyewe walikuwa wanachambua mpaka mteremko: Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, anaandika kuna waliosema ya juu mlimani ni Caucinum, ya katikati ni Faustianum, ya chini ndo Falernum yenyewe. Divai nyeupe, lakini haikunywewa ikiwa nyeupe. Galenus, daktari wa karne ya 2 BK, anasema inafaa kuanzia miaka 10, tamu yake hasa ni kati ya 15 na 20, ikizidi hapo inauma kichwa.

Sasa kwa nini ilikuwa inabadilika rangi? Chombo. Amfora ni mtungi wa udongo wa lita kama 26, ndani umepakwa lami ya msonobari, na udongo hata ukiupaka lami bado unapumua kidogo kidogo. Alafu walikuwa wanaipandisha mitungi darini, kwenye chumba ambacho joto na moshi wa chini vinapita, yaani mimi nikifanya hivyo leo nafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, lakini kule Madeira mpaka sasa wanaipasha joto divai makusudi na inauzwa bei. Hewa na joto kwa miaka 15, hapo lazima utoke na kitu cha kahawia.

Mwaka haukuandikwa kwa namba. Waliandika jina la konsuli, wale wakuu wawili wa serikali waliokuwa wanabadilishwa kila mwaka, kwa hiyo ukisikia Opimianum jua ni ya mwaka wa Lucius Opimius, 121 KK, jua liliwaka vizuri na zabibu zikaiva hasa. Karibu miaka 200 baadaye Plinius anasema bado ilikuwepo, ila imebaki nzito kama asali chungu, hainyweki peke yake, unatia tone tu kwenye divai nyingine kuipa ladha.

Huyo huyo anasema Falernum ndo divai pekee inayoshika moto ukiiwasha. Watu wengi wanacheka wakisoma hapo, mimi sicheki. Hamira yenyewe inaweza kufikisha kilevi asilimia 15 au 16, na divai ya hivyo ukiipasha, mvuke wake ukikutana na moto unawaka, na Warumi walikuwa wanapenda kuchanganya divai na maji ya moto. Kuinywa kavu bila maji ilikuwa mambo ya washenzi.

Falernum haikuwa peke yake. Mwanzoni Caecubum ya kwenye vinamasi vya pwani ilikuwa juu yake kabisa, mpaka mashamba yakaachwa ovyo na kaisari Nero akaja kuyamalizia na mfereji wake aliotaka utoke Baiae ufike Ostia. Kaisari Augustus yeye alipenda divai iliyoitwa Setinum. Ya Surrentum madaktari waliisifia sana, lakini kaisari Tiberius alisema ni njama ya madaktari tu, ile ni siki ya heshima. Nampenda Tiberius kwa hilo.

Bei je? Kwenye ukuta wa kilabu kimoja Pompeii, mji wa kale wa Warumi, kuna maandishi ya mwenye kilabu, Hedone: kwa asi 1 unakunywa, ukitoa 2 unakunywa nzuri zaidi, ukitoa 4 unakunywa Falernum. Asi ilikuwa sarafu ya shaba ya kawaida tu. Mara nne tu ya ile ya chini, kwenye kilabu cha mtaani! Mimi nikiona hapo najua kabisa kilichokuwa kinamiminwa hakikuwahi kuuona mlima Massico.

Na kuna mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, Periplus, unaoelezea mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, bandari ya Rhapta. Unasema wafanyabiashara walikuwa wanaleta divai na ngano, si za kuuza, ni za kutafutia urafiki na wenyeji. Nina hakika haikuwa ile ya asi 4.