Shinikizo la rika: maana yake, na kwa nini "kataa tu" haitoshi

Rika ni watu wa umri mmoja: wanaosoma darasa moja, wanaocheza uwanja mmoja, wanaojuana majina ya utani. Shinikizo la rika ni ile nguvu inayomfanya mmoja wao atende jambo ambalo peke yake asingelichagua, kwa kuwa wenzake wanalifanya naye anaogopa kuachwa nje. Mtaani tunasema kufuata mkumbo, na neno hilo limekaa mahali pake, kwani mkumbo huzoa vyote bila kuchagua: mtoto mpole, mtukutu, hata yule anayeongoza darasani.

Wazazi wengi hudhani ni ubabe, kundi limemzunguka mtoto na kumlazimisha. Mara nyingi hakuna kelele yoyote. Chukua wanafunzi watano wa kidato cha pili wamekaa nyuma ya kibanda baada ya masomo. Sigara moja inapita mkono kwa mkono. Inapomfikia wa nne, wenzake wananyamaza na kutazama vidole vyake. Ukimya ule wa sekunde mbili tatu ndio shinikizo lenyewe. Maneno yakija huwa mafupi: "Pafu moja tu." "Acha ushamba." "Kwani lazima mama ajue?"

Umri wa miaka 12 hadi 15 ndio mgumu zaidi, na sababu si ukaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kufunga breki, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali hamu ya kusifiwa na wenzake imeshapamba moto. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza mbele ya wenzao walijiingiza kwenye hatari karibu mara mbili ya walipocheza peke yao. Kwa watu wazima, kutazamwa hakukubadili kitu. Kwa hiyo mtoto anayejibu vizuri sebuleni, "siwezi kuvuta mimi", hadanganyi. Amejibu akiwa hana wa kumtazama.

Hapo ndipo ushauri wa "kataa tu" tunaowapa watoto unapokwama. Unampa mtoto uamuzi, haumpi maneno. Tena tuseme ukweli: wengi wetu tumewalea watoto wasiruhusiwe kukataa chochote. Mtoto mwema habishi, akiitwa aitike, akipewa apokee. Kisha akifika miaka 14 tunataka aweze kukataa mbele ya watu watano. Kukataa kwa adabu kunafunzwa nyumbani, kwenye mambo madogo. Akisema "Asante mama, nimeshiba", mkubalie, usimwongezee ugali kwa nguvu.

Kisha mtengenezeeni sentensi. Iwe fupi, maneno matatu hadi matano, na iwe kwa lugha yake mwenyewe: "Mimi sivuti, endeleeni." Isiwe na maelezo, kwa sababu kila sababu ni mlango wa mabishano. Akisema "kesho nina mtihani", atajibiwa kwamba mtihani ni kesho, leo ni leo. Akisema "labda siku nyingine", ameshatoa miadi. Akicheka wakati anakataa, wenzake watasikia kicheko tu. Wakimrudia, naye arudie sentensi ileile bila kuipamba, kisha aondoke au abadilishe mazungumzo. Akibaki amesimama pale dakika kumi, sentensi itachoka.

Ifanyieni mazoezi kwa sauti, mara tatu nne, siku tofauti. Mzazi, dada au kaka mkubwa awe ndiye rafiki mshawishi, na atumie kejeli zenyewe zinazotumika mtaani. Mshawishi mpole nyumbani hamsaidii mtoto kitu.

Ipo njia nyingine ambayo wazazi huidharau: mruhusu akusingizie. "Baba hunusa shati nikifika tu" ni jibu lisilomvunjia kijana heshima mbele ya kundi, na hakuna wa kubishana nalo. Kama ana simu, kubalianeni neno la siri. Akiandika "Shangazi amefika?", wewe unampigia na kumwamuru kwa ukali arudi nyumbani, wenzake wasikie. Sharti ni moja: usimhoji usiku ule. Mzazi akigeuza neno la siri kuwa mwanzo wa kipigo, halitatumika tena.

Msaada mkubwa kuliko yote ni mwenza mmoja. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaketisha watu kwenye kundi lililopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, kitu kinachoonekana wazi kwa macho. Takriban theluthi moja ya majibu yao ilifuata uongo wa kundi. Alipokuwapo mtu mmoja tu aliyesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kwa hiyo usihangaike kumtenga mtoto na kundi zima. Mjue rafiki yake mmoja mwenye msimamo, mkaribishe chakula, wawili hao wakubaliane mapema kwamba mmoja akiondoka wanaondoka wote.

Elimu ya madhara nayo ina nafasi yake, hasa pale wenzake wanapotumia uongo kama chambo. Kuhusu shisha, kwa mfano, huambiwa kwamba ni mvuke wenye harufu ya matunda na kwamba maji yanachuja sumu. Maji huupoza moshi tu. Nikotini hupita, na vivyo hivyo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa. Mtoto anayelijua hilo hababaiki.

Kuna mpaka pia. Akitishwa, akipigwa, akidaiwa hela au picha za mwili wake, hilo si shinikizo la rika tena, ni ukatili, na sentensi fupi haitoshi. Mtu mzima aingilie kati. Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure.

Kwa yale ya kawaida, ngojeni kesho yake, mkiwa mnachambua mchele au mnatembea. Muulize nani alikuwepo, alisema nini, na neno gani lilimshinda. Hilo lililomshinda ndilo mlifanyie mazoezi jioni.